Bergen ya Wapi

Waliokuwapo sebuleni kwa Xavérine, Hallonbergen, Uswidi, alasiri ya Alhamisi ile ya mwezi wa nne mwaka 2010, ni hawa: Xavérine mwenyewe, mwenye nyumba na mwenye safari, Darlène bintiye, aliyekuwa akisomea uuguzi Flemingsberg, Leokadia, jirani yao na mwenyekiti wa kwaya ya akina mama, na Yahya wa ghorofa ya chini, mpakiaji mizigo wa uwanja wa ndege, ambaye siku hiyo alirudishwa nyumbani mapema kwa kuwa hapakuwa na mizigo ya kupakia.

Kule Aisilandi mlima ulikuwa umetapika moto, na majivu yake yamefunga anga ya nusu ya Ulaya. Majivu yenyewe hakuna aliyeyaona. Nje jua liliwaka vizuri kuliko lilivyowaka tangu mwaka uanze, na mbingu ilikuwa ya buluu tupu. Hilo ndilo lililomkera Xavérine kupita yote. Mvua ingenyesha, theluji ingeanguka, angalau mtu angejua kinachomzuia.

Keshokutwa yake, Jumamosi, Ghislaine alikuwa anaolewa Ubelgiji. Ghislaine alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake, Spéciose, aliyezikwa kambini Kasulu mtoto akiwa bado hajaota meno. Xavérine ndiye aliyembeba, akamnywesha uji, akamfundisha kusuka nywele na kusema uongo mdogo wa adabu mbele ya wageni. Kisha ikaja mipango ya kuwahamisha wakimbizi. Xavérine na mwanawe wakapangiwa Uswidi. Ghislaine, akiwa na miaka tisa, akatakiwa na shangazi yake Fébronie, Ubelgiji. Siku ya kuagana mtoto aliuliza jambo moja tu: nani atamkabidhi kwa wakwe siku atakapoolewa? Xavérine akajibu bila kufikiri: "Mimi. Nani mwingine?"

Sasa tiketi ya ndege ya kesho asubuhi haikuwa na kazi.

"Mama Darlène, ondoa wasiwasi," Yahya alisema, akivuta kiti mbele ya kompyuta. "Ndege ni mambo ya juzi tu. Treni ndiyo safari ya watu wazima."

"Watu wazima gani?" Leokadia akamdaka. "Wewe treni yako yote inaishia Märsta, kituo cha kazini kwako."

"Ya kupanda, ndiyo. Lakini mtandaoni, dada, Ulaya nimeimaliza nikiwa nimekaa."

Hakuwa akijisifu bure. Pale mtaani, mtu akitaka daktari wa meno wa watoto, matairi ya theluji yaliyotumika, nyumba ya kubadilishana, au kujua basi gani linakwenda ofisi ya kodi, alimgongea Yahya. Kila shida ilikuwa na tovuti yake, na Yahya alizijua zote. Njia yake ya kufanya kazi ilikuwa moja: "Usijichoshe kuandika neno zima. Andika herufi tatu, mashine itamalizia yenyewe."

Tovuti ya reli za Uswidi ilifunguka, ikaganda, ikafunguka tena. Watu wote waliokosa ndege walikuwa wamejazana humo. Yahya alibofya kwa subira ya mvuvi hodari, na baada ya muda akapata kiti: Ijumaa alfajiri hadi Malmö, na kutoka hapo kuvuka hadi Kopenhagen. Leokadia akapiga kigelegele kifupi. Kisha Yahya akafungua tovuti ya reli za Wajerumani, akaeleza kuwa hiyo inajua treni za nchi zote kuliko wenye nchi wenyewe.

"Sasa, mji gani hasa?"

Xavérine alikuwa na vitu viwili vya kumjibu. Cha kwanza ni ujumbe wa Ghislaine katika simu, ambao aliusoma kwa sauti: "Mama, sherehe ni Bergen. Ukumbi uko karibu na stesheni." Cha pili ni kadi ya harusi, iliyoandikwa kwa Kifaransa kwa sababu upande wa bwana harusi walikuwa watu wa Kifaransa. Alimpa Leokadia, maana Kifaransa chake mwenyewe kilikuwa cha salamu tu.

Leokadia akaisogeza kadi mbali na macho. "Salle Les Tilleuls. Huo ni ukumbi. Halafu 'Mons'." Akatabasamu kama mtu aliyekutana na ndugu. "Wamefupisha hapo. Monsinyori. Ukumbi wa Monsinyori! Xavé, mtoto wako anabarikiwa na wakubwa wa Kanisa."

"Kweli?"

"Mimi na kwaya miaka yote hii, nisimjue Monsinyori?"

Xavérine akafurahi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akakaa kitako. Yahya akaandika herufi tatu. Mashine ikamalizia, ikashusha majina.

"Bergen ya kwanza, Norwei. Hii siyo, tusije tukampeleka mama wa watu kwa samaki. Bergen ya pili, kisiwani kwa Wajerumani. Siyo. Ya tatu, Bergen op Zoom. Uholanzi, lakini tazameni, imeugusa mpaka wa Ubelgiji. Ndiyo hii. Wale wanaoana ng'ambo hii na kulala ng'ambo ile, mpaka kwao ni kama kizingiti."

Darlène, aliyekuwa ameegemea mlango, akasema kwa Kiswidi kwamba ingefaa kwanza wampigie Ghislaine.

"Mwanangu, vitanda vinaondoka huku tukipiga soga," Yahya alisema. "Ijumaa usiku, kutoka Kopenhagen, kuna treni mbili za kulala. Moja inakwenda Köln, imebaki kitanda kimoja. Nyingine inakwenda Amsterdam, kitanda kimoja vilevile. Kwa Bergen yetu, Amsterdam ndiyo karibu. Mama Darlène, sema."

"Chukua," Xavérine alisema.

Akachukua. Printa ikakohoa, karatasi ikatoka, na Leokadia akaipepea kana kwamba wino ulikuwa haujakauka.

Ndipo Xavérine akampigia Fébronie kumwelekeza mahali pa kumpokea. Akaweka simu mezani, sauti ya wazi, ili wote wasikie habari njema.

"Wifi, nimepata treni! Jumamosi saa saba kasorobo niko stesheni ya Bergen op Zoom."

"Wapi?"

"Bergen op Zoom."

"Huko unafuata nini?"

"Harusi, wifi. Ukumbi wa Monsinyori."

Kikasikika kicheko, kisha kikakatika ghafla, kama mtu aliyeona kwamba aliyeanguka hainuki.

"Monsinyori yupi, wewe? Mons ni mji! Mons, huku kwa Wabelgiji wa Kifaransa. Huyu Ghislaine amesoma kwa Waflemi, Wabelgiji wa Kiholanzi, na Waflemi Mons wanaiita Bergen. Hata vibao vya barabarani, ukiwa upande wao imeandikwa Bergen, ukivuka imeandikwa Mons. Mji ni huohuo mmoja. Zoom ni kwingine kabisa!"

Leokadia akaiweka kadi juu ya meza, uso chini. Yahya alikuwa ameshageukia kompyuta, na vidole vyake havikuwa na ule mwendo wa maringo. Akaandika Mons, herufi zote nne. Njia nzuri ya kwenda Mons ilikuwa kupitia Köln: mtu angeshuka huko alfajiri na kufika kabla ya saa tano. Akabofya kile kitanda cha Köln. Hakikuwapo. Akabofya tena, akasubiri, akabofya tena.

"Kimeondoka," alisema kwa sauti ndogo. "Dada yangu, kimeondoka."

"Na hiki cha Amsterdam?"

"Hiki kipo. Kitakufikisha Mons saa kumi. Ukikosa treni moja ya kubadilisha, saa kumi na nusu."

Wakwe walikuwa wanakabidhiwa bibi harusi saa nane.

Xavérine akatoka, akasimama roshani. Chini, watoto waliendesha baiskeli kati ya majengo. Hapakuwa na ule mstari mweupe ambao ndege huchora angani, wala mngurumo. Alipokuwa Kasulu, mkimbizi hakuruhusiwa kuvuka eneo la kambi bila kibali, na siku moja alirudishwa kutoka kwenye kizuizi cha barabara akiwa na Ghislaine mgongoni, mtoto ana homa. Kule kizuizi kilikuwa boriti na askari. Mtu alijua wa kumwomba na wa kumchukia. Hapa hapakuwa na boriti. Alikuwa na pasi ya Uswidi mfukoni, ruhusa ya kwenda popote, na tiketi halali, na bado amefungwa. Na kitasa cha mwisho, huo ndio uchungu wake, walikifunga wao wenyewe, kwa furaha, wakipiga vigelegele.

Nyuma yake alisikia Leokadia akimnong'oneza Yahya: "Herufi tatu! Herufi tatu zako hizo!"

"Na Monsinyori wako?"

"Nyamazeni nyote wawili," Darlène alisema, kwa Kiswahili safari hii.

Simu ikalia mezani; Darlène akaipokea kwa sauti ya wazi, na Xavérine akasogea hadi mlango wa roshani. Alikuwa Fébronie tena, na sauti yake ilikuwa imepangwa, sauti ya mtu aliyekwisha kushauriana na wengine.

"Wifi, sikiliza. Kuahirisha haiwezekani. Wakwe wengine wanakuja kwa magari kutoka Lyon na Paris, na ukumbi tunatakiwa kuurudisha jioni. Lakini Thierry, bwana harusi, ana wazo zuri. Ukumbini kuna mtandao wa kasi. Wewe baki huko kwako, usijitese na matreni. Tutaweka kompyuta kwenye kiti chako pale mbele, tufungue Skype. Utamwona, atakuona, utasema maneno yako yote kwa kipaza sauti. Siku hizi wengi wanafanya hivyo."

Yahya alitikisa kichwa kukubali, pole pole, kwa matumaini ya mtu anayetafuta kusamehewa.

"Kiti changu kiko upande gani?" Xavérine aliuliza.

"Mbele, kushoto. Kulia ni kiti cha marehemu Spéciose. Tutaweka picha yake, tuizungushie maua."

Xavérine akanyoosha mkono wa kulia, kisha wa kushoto.

"Kwa hiyo mtoto ataingia, kulia picha, kushoto picha."

"Wewe si picha, wifi! Utakuwa unaongea."

"Mtandao ukiganda nitakuwa nini?"

Kutoka upande ule ikasikika purukushani ya simu kupokonywa, na sauti nyingine ikaingia, yenye kikohozi cha kilio.

"Mama."

"Bibi harusi halii, atavimba uso."

"Mama, nimesema tusubiri. Nitakaa chumbani, sitoki mpaka ufike. Saa kumi, saa kumi na moja, sijali. Wakwe wakitaka wale kwanza. Kosa ni langu, ningeandika Mons."

"Uliandika unavyojua. Shule ndiyo iliyokufundisha hivyo."

"Basi nisubiri?"

Hapo ndipo Xavérine alipohisi maji yamemfika shingoni. Tangu asubuhi alikuwa akitafuta mlango, na sasa mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yake. Neno moja tu, *nisubiri*, na ahadi yake ingetimia. Akaliona hilo neno likienda kufanya kazi yake. Akawaona wakwe wa Lyon wakitazama saa, mama mkwe akiuliza bibi harusi huyu anaringia nini, wapishi wakipasha chakula mara ya pili. Akamwona Ghislaine chumbani na shela lake, peke yake, anangoja, kama alivyongoja akiwa mtoto foleni ya maji ipungue. Na miaka kumi baadaye mtu katika ukoo ule angali akikumbushia: yule aliyetuweka tukimngoja saa mbili nzima.

Akarudi sebuleni, akavuta kiti, akakaa mbele ya simu. Darlène akaja akasimama nyuma yake, mikono mabegani mwa mama.

"Fébronie yupo hapo?"

"Nipo, wifi. Simu iko wazi. Watu wote wanasikia."

"Vizuri. Huku kwangu pia wote wanasikia, kwa hiyo nisirudie." Alinyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja mpaka kikatulia. "Ghislaine hasubiri. Saa nane ikifika, anatoka. Wewe, Fébronie, umemlea miaka mingi kuliko mimi. Nimechelewa kukwambia hilo, nakwambia leo mbele ya mashahidi. Wewe ndiye utakayemkabidhi, na kwa jina lako, usiseme unaniwakilisha."

"Mama..." Ghislaine alianza.

"Sijamaliza. Kompyuta sitaki. Kiti changu kiacheni kitupu, msiweke mkoba wala koti la mtu, na mgeni akiuliza, mwambieni mwenyewe yuko njiani, kwa maana nitakuwa njiani kweli. Kesho alfajiri napanda treni ya Malmö, nalala katika treni ya Amsterdam, na Jumamosi jioni naingia Mons. Nitakayemkuta ni mke wa mtu, nami nitamsalimia kama mke wa mtu. Niwekeeni chakula."