Nafasi ya Kumi na Mbili

Bi Fakhriya alimwacha mtoto wa kaka yake nje ya kikosi siku ya Jumamosi, na kufika Jumatatu Mtaa wa Narung'ombe ulikuwa unamjadili kana kwamba ameuza nyumba ya urithi.

Riziki yake ilikuwa duka la vyombo, masufuria na chupa za chai na mabakuli ya melamini yaliyopandana mpaka darini. Lakini Kariakoo walimjua zaidi kwa jambo jingine. Alikuwa meneja mkuu wa Nyota ya Mchafukoge, timu ya wanawake ya mpira wa kikapu, na neno la mwisho la usajili lilikuwa lake. Kocha anafundisha, mwenyekiti anatafuta wafadhili, Fakhriya anasema nani anaingia. Ujanani aliichezea timu hiyo hiyo, kavaa suruali ndefu na mtandio aliofunga ukafungika, huku ndugu zake wakimwambia kwamba mtoto wa kike wa nyumba yao hadundi mpira mbele za watu. Akadunda. Mpaka leo akiulizwa habari hiyo huinua kidevu kama anayetafuta mtu wa kubishana naye.

Msimu huu nafasi kumi na moja zilijaa kwa amani. Ya mwisho ndiyo iliyoleta balaa, kwa sababu waliobaki walikuwa wawili tu, na kila mmoja alikuwa na la kusemewa.

Wa kwanza ni Nour, binti wa Humoud, kaka mkubwa wa Fakhriya. Msichana mrefu, mkono laini. Akiachiwa nafasi, mpira unaingia kikapuni bila kugusa chuma. Vijana wa mjini walikuwa wanatumiana video zake kwenye simu. Na jezi mpya za timu, kijani kibichi zenye mstari wa dhahabu, zilitoka kwenye duka la vitambaa la baba yake.

Wa pili ni Joyceline, wa Gerezani, ambaye mama yake hukaanga samaki sokoni Feri. Enzi za shule alikuwa mchezesha timu ambaye watu walikuwa wanakimbia kwenda kumtazama. Kisha akapata ujauzito, akazaa, akapotea. Sasa amerudi na mtoto mgongoni na mwili mzito. Wenzake wakimaliza kukimbia wanacheka, yeye ameshika magoti anatafuta hewa.

"Huyu hata siyo wa kujadili," alisema Mzee Ansbert, mwenyekiti, mfanyabiashara wa jumla wa vipuri. Walikuwa wamekaa kwenye ngazi za saruji pembeni ya uwanja, Fakhriya katikati yake na kocha Mudi. "Mzazi ana mambo mengi. Mtoto akipata homa, mechi itasubiri?"

"Wewe Mzee Ansbert una watoto wanne," Fakhriya alimjibu bila kumtazama. "Kuna mechi uliyowahi kukosa kwa ajili ya homa zao?"

Mudi akaangalia viatu vyake, mdomo ukimcheza.

"Hayo siyo yale," alisema Ansbert.

"Ni hayo hayo. Mwalimu, wapange wacheze. Nour timu hii, Joyceline timu ile. Na Nour akipata mpira, wamwendee wawili."

Mchezo ukaanza. Nour akafunga, akafunga tena, na watu waliosimama kwenye uzio wakapiga miluzi. Halafu wakamjia wawili kama Fakhriya alivyoagiza. Nour akawapa mgongo, akaukumbatia mpira, akatafuta mtu wa kumtupia ili mzigo umtoke. Fakhriya aliona mara ya kwanza akaipuuza. Mara ya pili na ya tatu ikawa vilevile, na moyo ukamuuma, maana alimpenda mtoto yule. Yeye ndiye aliyemfundisha kushika mpira.

Upande wa pili Joyceline alikuwa amechoka vibaya. Alikosa mitupo ya wazi. Msichana mdogo kuliko yeye alimpita kama amesimama. Lakini mdomo haukunyamaza. "Theopista, kushoto! Kushoto kwako! Subiri... sasa!" Na Theopista, jitu la chini ya kikapu ambaye kocha huita jina lake mpaka koo linamkauka, alikwenda kushoto, akapokea, akafunga. Fakhriya akaacha kumtazama Joyceline akaanza kuwatazama wengine. Wote, hata waliokuwa wanamshinda mbio, kila mambo yalipokuwa magumu walimgeukia yeye.

Mchezo ulipokwisha alimwita kando. Joyceline alikuja akiwa bado anahema.

"Shikamoo, Bi Fakhriya."

"Marahaba. Umejionaje?"

"Vibaya. Miguu hainisikii." Akajifuta uso kwa kanga ya mtoto. "Nisikilize, mama. Kama ni huruma, usiniweke. Nimehurumiwa kutosha. Kama siwezi, niambie siwezi, niende."

"Huwezi robo zote nne za mchezo," Fakhriya alisema. "Mbili unaweza. Hizo nyingine utazipata ukiacha kujificha mazoezi ya mbio. Nimekuona unakata kona."

Joyceline akacheka kwa mshangao, kisha akagundua alichoambiwa. Akafunika uso na kanga ile ile.

Habari ya Nour, Fakhriya hakutaka mtoto aisikie njiani. Alipanda ghorofa ya kaka yake, Mchafukoge, akamkuta Humoud anakunywa kahawa na binti yake yupo. Akasema palepale, wazi: unafunga kuliko wote waliojaribiwa, lakini ukibanwa unaukimbia mpira, na mimi nafasi hii namtafuta mtu asiyekimbia. Rudi mwakani.

Nour hakulia. Alimkazia macho shangazi yake mpaka weupe wa macho ukawa mwekundu, akaingia chumbani.

Humoud ndiye aliyepasuka. "Damu yako, Fakhriya! Unamwacha damu yako kwa ajili ya mtoto wa watu aliyezaa nyumbani kwao!"

"Kaka, usimseme hivyo."

"Nitamsema nitakavyo. Jezi zangu zirudi dukani."

"Zitarudi. Zimefuliwa na kupigwa pasi."

Zikarudi kweli. Nyota ya Mchafukoge wakafungua ligi ya mkoa wakiwa wamevaa fulana walizonunua kwa machinga, kijani ya kila aina, moja kama mchicha, nyingine kama sabuni, na namba zimeshonwa kwa mabaki ya kitambaa cheupe. Uwanja mzima ukawacheka. Theopista, ambaye fulana ilimbana makwapani, alitoka katikati ya uwanja akajigeuza polepole mbele ya wanaocheka, mikono kiunoni, kama mwanamitindo, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Siku hiyo walifungwa, lakini waliondoka vichwa juu.

Mechi zilizofuata walishinda baadhi, wakapoteza baadhi. Joyceline alianza kumaliza robo tatu. Mtoto wake akawa anapakatwa kwa zamu na wachezaji wa akiba, na hakuna mechi iliyosubiri homa yake.

Kisha wakakutana na timu ya Upanga, na Upanga walikuwa wamemsajili Nour.

Fakhriya hakuwahi kuona mtoto anacheza kwa hasira namna ile. Mudi aliwatuma wawili wambane. Robo ya kwanza Nour aligeuka mgongo kama zamani, akapoteza mipira, na Fakhriya akajisikia vibaya kwa kufurahi. Kufika robo ya mwisho kitu kikabadilika. Timu zilikuwa zimekabana, Joyceline akiita, akipanga, sauti imemkauka. Nour akapokea. Wakamjia wawili. Akaanza kuwapa mgongo, akasita, akageuka akawatazama usoni, akapita katikati yao kwa bega na kuruka. Mpira ukaingia. Filimbi ya mwisho ikalia Nyota wakiwa nyuma kwa kikapu kimoja. Humoud akasimama kule upande wa pili akapiga makofi huku akimtazama dada yake tu.

Asubuhi yake Mzee Ansbert aliitisha kikao dukani kwake, kati ya maboksi ya breki.

"Mji mzima umeona," alisema. "Dirisha dogo la usajili linafunguliwa. Joyceline atoke, tumwombe Humoud radhi, tuone kama binti atarudi. Wewe andika tu barua, dada yangu, mambo yaishe."

"Siandiki."

"Tumefungwa na mtu uliyemkataa wewe!"

"Tumefungwa, ndiyo. Nour jana alicheza kuliko nilivyodhani anaweza, na nitamwambia kila atakayeniuliza. Lakini mmeona nani aliyefanya timu isiyo na jezi ikabanana na Upanga mpaka filimbi ya mwisho? Nilimpima Joyceline kwa anachocheza. Simtoi kwa sababu watu wamepiga makofi upande wa pili." Akasimama, akakaza mtandio. "Mkitaka meneja mwingine, pigeni kura sasa hivi, mimi nipo. Mkiniacha kazini, Joyceline anabaki."

Ansbert akamgeukia kocha. "Mwalimu, sema."

Mudi, ambaye siku ya majaribio alikuwa anamtaka Nour, alijikuna shingo. "Mimi sina mchezaji mwingine anayesikilizwa na Theopista," alisema. "Hata mimi Theopista hanisikilizi." Akanyanyuka. Kura haikupigwa.

Siku chache baadaye, alasiri, mteja alikuwa anavutana bei na Fakhriya juu ya seti ya masufuria, Nour akaingia dukani. Humoud alikuwa hajampigia simu dada yake tangu ile siku ya jezi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Baba yako anajua uko hapa?"

"Hajui." Akaegemea kaunta, mrefu mpaka kichwa kinagusa chupa za chai zinazoning'inia. "Nimekuja kukuuliza. Bado unaona ulifanya sawa?"

"Bado."

"Mimi bado naona ulikosea."

"Unayo haki. Kile kikapu cha mwisho nilikipenda."

Nour akajaribu kununa, akashindwa. "Yule Joyceline wenu hanyamazi. Nimelala naisikia sauti yake."

"Hanyamazi."

"Marudiano nitawafunga tena."

"Jaribu," alisema Fakhriya.

Mteja akauliza kama masufuria anauziwa au aondoke. Fakhriya akaonyesha rafu ya juu kabisa, ambako yeye hupanda ngazi, na Nour akanyoosha mkono tu, akaishusha seti nzima na kuiweka mezani.