Zamu ya Ng'ombe

Mwaka wa sabini na nane ilitoka barua Nairobi ikisema kila wilaya yenye watalii itoe mtu mmoja, aende Mombasa wiki tatu, afundishwe jinsi ya kujua kama maji ya bahari yanafaa kuogelewa. Wakati huo mimi nilikuwa nimefanya kazi miaka saba katika maabara ya ofisi ya afya ya Isiolo. Marete, mpimaji mpya, alikuwa na miezi minane tu kazini. Aliyekwenda ni Marete.

Sitaficha, iliniuma. Mkubwa wetu, Bwana Mbaabu, alinieleza kwa upole kwamba barua ilitaka mtu mwenye cheti, na mimi cheo changu ni msaidizi. Sawa. Lakini huyo mwenye cheti nani alimfundisha kuchemsha chupa na kufunika vifuniko kwa karatasi ya kaki? Nani alimwonyesha namna ya kulisaidia lile kabati la joto kwa kulipiga kofi ubavuni linapogoma? Ni mimi, Kabale, mama yake Abiba, wa Bulla Pesa. Na bahari mimi sijaiona hata siku moja.

Alirudi na miwani ya jua na maneno. Ukimpa chai, anakwambia ya Mombasa ina iliki. Upepo ukipiga mabati ya ofisi, anasema huu si upepo. Alitueleza, mara nne kwa hesabu yangu, jinsi mpimaji anavyoingia baharini mpaka kiunoni, akashika chupa kwa chini, akaielekeza maji yanakotoka na kuizamisha kiasi cha mkono mpaka kiwiko. Kisha anaandika kama maji yanakupwa au yanajaa, kwa sababu uchafu wa mji una saa zake za kutoka. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Marete alisifiwa. Wauguzi walikuwa wakija kumsikiliza wakiwa na vikombe mkononi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kazi aliijua, na mtu mbaya hakuwa. Kilichonichoma ni Abiba. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mmoja, na kila siku baada ya shule alinisubiri ofisini tuende nyumbani pamoja. Zamani alikuwa anakaa kwenye kiti changu na kuniuliza mambo. Sasa alikaa mezani kwa Marete, kidevu mkononi, akiuliza ile chumvi ya baharini ilitiwa na nani, na mtu akiogelea anajuaje chini pako wapi. Miaka kumi na mmoja mimi ndiye niliyekuwa najua kila kitu.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu wa kwanza. Nilikwenda kwa Bwana Mbaabu nikamwambia nimemwona Marete akitia kidole kwenye mdomo wa chupa ya maji ya kisima cha Kiwanjani, kwa hiyo majibu yake yasikubaliwe. Sikuwa nimeona kitu. Bwana Mbaabu alinitazama, akavua miwani, akasema chupa ile aliijaza yeye mwenyewe, Marete siku hiyo alikuwa mgonjwa. Habari hiyo ilizunguka ofisi nzima kabla ya chai ya saa nne.

Basi ikaja ile kazi ya upande wa Gotu. Kulikuwa na kambi mpya ya watalii huko, na karibu nayo dimbwi kubwa lililozungukwa na mawe. Mamba hawafiki hapo, wako mtoni chini. Maji ya dimbwi yanatoka kwenye chemchemi iliyo juu, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mwenye kambi, Bwana Anderson, alimwaga mchanga wa mto ukingoni, akasimamisha miavuli ya nyasi, akapaita bichi. Alichobakisha ni karatasi ya ofisi ya afya kusema watu waogelee. Marete alifurahi kama mtu aliyeletewa Mombasa yake mlangoni.

Alikwenda mara tatu, kwa siku tofauti, kama alivyofundishwa. Chupa zilikuja kwangu ndani ya sanduku la barafu. Kupima kwenyewe si jambo gumu. Unatia maji kwenye mirija yenye dawa ya rangi ya zambarau, unaiweka kwenye kabati la joto mpaka kesho. Ikibaki zambarau, maji ni mazuri. Ikigeuka manjano na kutoa hewa, kuna mavi ndani yake, ya mtu au ya mnyama. Mara ya kwanza ilibaki zambarau. Mara ya pili pia.

Nilikuwa naandika majibu ya mara ya pili kwenye daftari Robow, dereva wetu, alipoingia kutafuta ufunguo. Akasema safari za Gotu siku hizi ni raha, barabarani hakuna ng'ombe hata mmoja. Alikuwa akiwauliza kwanza watu wa Ngare Mara, kijiji cha njiani, ni siku gani njia iko wazi, ndiyo siku anayomchukua Marete. Nikatazama tarehe. Ya kwanza Alhamisi, ya pili Jumatano. Kalamu ikasimama.

Ndugu yangu Arero anachunga huko, na mimi nimezaliwa huko. Chemchemi ile ina aba herega, mzee anayepanga zamu ya maji, na hakuna anayevuruga zamu yake. Siku ya kwanza wanakunywa ng'ombe, mamia kwa mamia, wakisimama ndani ya maji mpaka tumboni. Siku ya pili ni ngamia, mbuzi na kondoo. Siku ya tatu chemchemi inaachwa ipumzike mpaka maji yasafike. Nikahesabu kwa vidole. Safari zote mbili Marete aliangukia siku ya mapumziko, na kwa mwendo huo hata ya tatu angeiangukia. Wa Mombasa walimfundisha kuangalia maji kujaa na kupwa. Hawakumwambia kwamba huku kwetu bahari inajaa kwa kwato.

Nilijua, na nilinyamaza. Nikafunga daftari. Nikajiambia, acha atie sahihi. Acha mzungu mmoja ashikwe na tumbo, Nairobi iulize ni nani aliyepima. Usiku huo nilikula vizuri kuliko nilivyokula tangu barua ile itoke.

Mara ya tatu alikwenda Jumanne. Jioni hiyohiyo Abiba hakunisubiri ofisini, nilimkuta nyumbani akirukaruka. Marete, akiwa na uhakika wa majibu hata kabla mirija haijatoka kwenye kabati, alikuwa amefika shuleni kwao. Jumamosi bichi inafunguliwa, na watoto ishirini wamechaguliwa kuingia majini kabla ya wageni, na wa kwanza kabisa kwenye orodha ni Abiba. Akaniambia Marete amesema maji yale ni safi kuliko hata tunayokunywa. Alikuwa amekwisha kata nguo yangu kuukuu ajishonee ya kuogelea.

Nikahesabu tena kwa vidole. Jumamosi ni zamu ya ng'ombe.

Ningeweza kumzuia Abiba peke yake. Nilifikiria hivyo, na Mungu anajua nilifikiria kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Wangu angebaki nyumbani, wale kumi na tisa wangeingia, na aibu ingemfika yule niliyetaka imfike. Lakini wale kumi na tisa nilikuwa nawajua kwa majina. Wengine nyumba zao na yangu zinatenganishwa na makuti tu.

Jumatano, siku ya ng'ombe, niliomba ruhusa nikapanda lori lililokuwa linakwenda kuchukua mbuzi. Vumbi la kule juu kwenye chemchemi nililiona kabla sijashuka. Dimbwini maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Nikaingia na nguo zangu mpaka kiunoni, nikashika chupa kwa chini, nikaielekeza maji yanakotoka, nikaizamisha mpaka kiwiko. Nilifanya kila kitu kama Marete alivyotueleza mara nne, na hata hilo liliniuma. Nilijaza chupa tatu, nikarudi na lori lilelile, mbuzi wakinitafuna leso.

Alhamisi jioni mirija yote ilikuwa manjano, na hewa imejaa.

Ijumaa asubuhi niliipeleka kwa Bwana Mbaabu. Nikamweleza zamu, siku na tarehe. Aliitazama mirija kwa mbali, kama mtu anayeonyeshwa nyoka aliyekufa.

"Mama Abiba," akasema, "ile ya kisima cha Kiwanjani nimekusamehe. Hii nayo?"

Nikasema aende mwenyewe akaulize huko. Akajibu kwamba Marete amepima mara tatu, ana cheti, ana fomu zilizotiwa sahihi. Mimi nina chupa ambazo hakuna aliyeniona nikizijaza, na maji machafu katika mji huu hayahitaji kutafutwa mbali. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Aliniambia niende nikapumzike, wivu ni ugonjwa kama mwingine.

Nilisimama kwenye veranda nikiwa nimeshika ile mirija. Sikuwa na pa kwenda isipokuwa kwa mtu mmoja.

Marete alikuwa anapiga pasi shati la kesho ndani ya chumba cha stoo, pasi ya makaa ikitoa moshi. Niliweka mirija mezani kwake, nikafungua daftari, nikaweka kidole kwenye tarehe moja baada ya nyingine. Nikamweleza aba herega na siku zake tatu. Alitaka kucheka mwanzoni. Halafu akaacha, akachukua mrija mmoja akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akaugeuza, akaurudisha, akachukua mwingine.

"Kesho ni siku ya ng'ombe?" akauliza.

"Kesho."

"Umeambia Bwana Mbaabu?"

"Nimemwambia. Haniamini. Mwambie wewe. Sema ni wewe ulienda Jumatano, ni wewe umegundua. Andika jina yako kwa fomu, mimi sitasema kitu."

Hayo maneno nayakumbuka mpaka leo. Shati likaanza kunuka kuungua. Akaiondoa pasi.

"Mama Abiba, wewe umejua hii mambo tangu lini?"

Ningeweza kusema tangu juzi. Uongo mwingine mdogo, nani angejua? Lakini nilikuwa nimechoka.

"Tangu wiki iliyopita," nikasema. "Safari yako ya pili."

Hakunitukana. Alikaa kitako juu ya sanduku la dawa, akavuta fomu akaanza kuandika. Nilisimama nikimwona akiandika jina lake juu ya maji yangu, kwa mwandiko wake mzuri wa shule, na nikatamani kuirarua ile karatasi. Nilishika pindo la leso yangu mpaka alipomaliza.

Bwana Mbaabu alimwamini kabla hajamaliza kusoma, wala hakuuliza kwa nini asubuhi ileile mimi nilimwambia hayohayo. Adhuhuri Robow alikwenda mbio Gotu na barua ya kusimamisha ufunguzi. Bwana Anderson alikasirika siku moja, kisha akashukuru, maana wageni wake walikwenda Jumamosi hiyo kutazama ng'ombe wakinywa, wakaona wenyewe. Marete alikwenda kukaa na aba herega, wakapatana. Watu wangeogelea siku za mapumziko tu, na kambi ingechimba birika la mifugo pembeni ili siku moja maji yatengane. Ripoti ilikwenda Nairobi. Jibu lilirudi likisema hakuna wilaya nyingine iliyofikiria kulinganisha zamu za mifugo na maji ya kuogelea, na kwamba Bwana Marete ataitwa Mombasa awaeleze wenzake. Bwana Mbaabu aliisoma mbele yetu sote. Nilipiga makofi. Viganja viliuma.

Bichi ilifunguliwa Jumapili ya wiki iliyofuata, siku ya mapumziko. Maji yalikuwa maangavu, unaona kokoto. Watoto ishirini waliingia kwa kelele, Abiba mbele na ile nguo yangu iliyokatwa. Marete alikuwa ndani ya maji, mikono amemwekea chini ya tumbo, akimwambia apige miguu, na binti yangu akapiga miguu, akaenda hatua tatu, nne, peke yake. Sikujua kama nifurahi au nilie. Nilikaa kwenye mchanga chini ya mwavuli wa nyasi nikishikilia viatu vyake.

Akatoka akitiririka maji, meno yakigongana, akaja kunikumbatia. Marete alimfuata nyuma, taulo begani.

"Mama, umeniona? Bwana Marete ametuokoa, mwalimu alisema. Alisema tungeogelea kwa mavi ya ng'ombe." Akacheka, halafu akatulia, akanitazama vile alivyokuwa akinitazama zamani, alipokuwa anakaa kwenye kiti changu. "Lakini wewe si ni wa huku? Kwa nini wewe hukujua?"

Marete alisimama. Alikuwa karibu kiasi cha kusikia, nami nilimwona akisikia. Neno lake moja lingetosha, la kunipa sifa yangu au la kunivua nguo mbele ya mwanangu, na lolote angelisema lingekuwa kweli.

Alimfunika Abiba taulo mabegani, akarudi majini kwa watoto wengine.

"Sikujua," nikamwambia binti yangu. Akaitikia kwa kichwa, akaniamini, akakimbia kumfuata Marete. Nami nikabaki pale na viatu, nikimtazama yule mtu akimpokea, na hata ule uungwana wake nikamwonea wivu.