Selaginela ya Kwenye Mwamba

Tulipofika kwenye mwamba nilikuwa hoi. Magoti yananiuma, koo limenikauka, na mume wangu bado anaongea.

"Mke wangu, kesho watakoma! Kila mmoja atataka kupiga picha na mimi."

Alikuwa mwalimu wa elimu ya mimea, sasa amestaafu. Kesho yake chuo chake cha zamani kilikuwa kimempa ukumbi atangaze aina mpya ya selaginela, kijimea cha mawe ambacho wengi hukikanyaga wakidhani ni kuvu tu. Mimi, niliyekuwa mwanafunzi wake kabla hajanioa, sikuwa na raha. Siku hizi mume wangu husahau jiko likiwaka, na watoto wetu huwaita kwa majina ya ndugu zake marehemu. Nilipanda mlima ule ili nijionee mwenyewe kabla hajaenda kuaibika mbele za watu.

Alichuma kijitawi cha kahawia kilichojikunja, akanipa lenzi.

"Hebu tazama. Selaginela zote za huku zina majani makubwa pembeni na madogo juu. Hii majani yake yote yanalingana!"

Kweli yalionekana kulingana. Lakini kijitawi kilikuwa kimekauka kau, na kikikauka, majani makubwa hujikunja yakayafunika madogo. Ndilo jambo la kwanza analoambiwa mwanafunzi mgeni. Nilitamani ninyamaze. Nilichoka kumchunga, nilichoka kuwa mimi wa kumharibia furaha, nilitaka nikubali tu nikalale.

Nikamimina maji yetu ya mwisho kwenye kifuniko cha chupa, nikakitumbukiza kijitawi.

"Sasa ndiyo nini, unachezea maji ya kunywa?"

"Kaa chini, mzee wangu. Tusubiri."

Alikaa, akanung'unika, kisha akasinzia begani kwangu, mzito kama gunia. Sikuwa na nguvu hata ya kumsogeza. Kijitawi kilikunjuka polepole, kikarudia ukijani wake: majani makubwa pembeni, madogo juu. Ilikuwa ile ile ya kawaida, inayoota mpaka kwenye ngazi za nyumba yetu.

Nilimwamsha, nikampa lenzi. Nilijiandaa kwa ubishi, maana huyu bwana haambiliki. Alitazama kwa muda mrefu, mabega yakamshuka.

"Ni ya kawaida," alisema. "Itabidi tuwaambie wasije."

"Nitawapigia mimi."

Nilishusha pumzi. Angalau hilo lilikuwa limekwisha, na hakuna atakayemcheka. Yeye akawa anakizungusha kile kifuniko mkononi, uso wake umeanza kuchangamka tena.

"Lakini mbinu hii ya maji, mke wangu, ni nzuri sana. Nani kakufundisha?"

Nilimtazama nikidhani ananitania. Hakuwa akitania.

"Mwalimu wangu wa chuoni," nikasema.

"Hodari kweli huyo," akasema. "Yuko hai bado?"

Nilimshika mkono, tukaanza kushuka.