Zamu ya Pili ya Toledo

Msimu ule Korongo wa Toledo, timu ya mpira wa kikapu, walifungwa mechi sitini na moja. Mashabiki wakawa wanaingia uwanjani wamevaa mifuko ya karatasi vichwani, wametoboa macho tu, ili majirani wasiwatambue kwenye televisheni. Faida pekee ya kuvurunda kiasi hicho ni kwamba ligi huwatanguliza walioshindwa katika kuchagua vijana wapya. Toledo wakapata zamu ya pili.

"Tumchukue Darnell Foxworth," akasema Wendell Pruitt, meneja mkuu. "Mtoto anaruka huyo!"

"Kuruka anaruka," akajibu Dolores Kaczmarek, mama wa miaka sitini na minne aliyekuwa akiwatafutia vipaji. "Akitua hajui mpira uko wapi."

Yeye alikuwa na wake: Anders Lindqvist, pandikizi la mtu kutoka chuo kidogo cha Dakota Kaskazini. Alikuwa mzito kama kabati, lakini akishika mpira tu, wenzake wanne wote wanageuka hodari.

"Huyo watu wanamweka wa kumi na mbili, mama! Nikimchagua wa pili watanichoma moto."

"Basi mchague wa tano."

Zamu ya tano ilikuwa ya Tampa, na bosi wa Tampa, Chip Garrity, hakuyaamini macho yake mwenyewe. Aliyaamini ya Dolores. Miaka sita mfululizo, kila ukumbi alioingia mama huyo, kijana wa Chip alikuwa amekaa nyuma yake akiandika. Anders alinusurika kwa sababu Dolores alikwenda Dakota Januari, na kwa theluji ile hata jasusi hubaki kwao.

Sasa akafunga safari ya Memphis, kwenye mazoezi ya Darnell. Siku tano alikaa mstari wa mbele, anafuma soksi, hasemi na mtu. Siku ya nne unyuzi ukamwingia jichoni, akatoa leso na kujipangusa. Yule kijana wa Tampa akaona machozi, akatoka mbio na simu sikioni.

Siku ya uchaguzi Chip akapiga simu. Wendell akaweka sauti ya juu ili Dolores asikie.

"Wendell, ndugu yangu! Nipe zamu yako. Nakupa ya tano, na zamu zangu za kwanza za miaka miwili ijayo."

Dolores akaandika kwenye karatasi: *Kataa.*

"Haiwezekani, Chip."

"Nakuongezea Marcus Tillery!" Huyo alikuwa beki mkongwe, mkali wa kukaba.

Dolores akaandika: *Kubali, kwa huzuni.*

Wendell akashusha pumzi kama mtu aliyefiwa. Simu ilipokatika, walicheka mpaka katibu akaja kuchungulia.

Tampa wakamchukua Darnell. Kicheko kikaisha zamu ya nne ilipofika, maana Omaha nao walikuwa wanatafuta mtu mrefu. Dolores aliharibu mistari mitatu ya soksi. Omaha wakamtaja Mhispania mmoja, fundi wa kulenga kutoka mbali, na Anders akawa wa Toledo.

Mji ukazomea. Asubuhi yake mhudumu wa mgahawa alimwambia Dolores kahawa imekwisha, huku birika limejaa mkononi.

Mwaka wa kwanza walifungwa mechi hamsini. Wenye timu wakataka kocha afukuzwe. Wendell akagoma, akawaambia wamfukuze yeye kwanza, na hakulala vizuri wiki nzima. Miaka miwili iliyofuata, kwa zamu za Tampa, Dolores akaleta vijana wawili wenye mbio, na Anders akawalisha mipira kama mama anayegawa chakula. Mwaka wa tatu waliingia mtoano, wakawatoa Tampa katika mechi ya saba na ya mwisho. Darnell peke yake alifunga pointi arobaini na nne. Hakuwa na wa kumsaidia.

Chip akamfuata Dolores ukumbini, uso mwekundu.

"Ulinidanganya, mama!"

"Nilikwambia neno gani?"

Chip akalitafuta neno hilo. Hakulipata. Mwishowe akacheka bila kupenda.

"Unakunywa bia gani?" akauliza.

"Kubwa," akasema Dolores.