Mkono wa Fundi Rula

Mume wangu walimwita Fundi Rula, na kitu pekee ambacho hakuwa nacho karakanani kwake ni rula. Akitaka mstari alifumba jicho moja, akatoa ncha ya ulimi, akavuta penseli juu ya ubao, basi. Maseremala wenzake walikuja na rula zao kumpima, wakaondoka wamenuna. Watu huniambia nilipata mume. Nilipata, ndiyo, lakini jaribuni nyinyi kuishi na mtu asiyekosea mstari. Picha ikikaa upande kidogo ukutani, hapati usingizi. Nikikata mkate, anautazama kama nimemkata yeye.

Kisha mikono ikaanza kumtetemeka. Kwanza kikombe, halafu kijiko, halafu patasi. Daktari alisema ni mambo ya umri, hayaui. Akampa vidonge vikamlaza kama gogo mchana kutwa, akaviacha. Siku moja akaharibu mlango wa kabati la mteja. Ua lilelile alilokuwa akilichonga tangu kabla sijamjua, jani lake moja likabanduka. Alifunga patasi zake ndani ya kitambaa, akavuta kiti hadi barazani, akakaa akitazama ukuta.

Ukuta wenyewe hauna hata mjusi. Mwaka mzima nikawa naishi na mtu anayetazama ukuta. Nikimsemesha anaitikia. Nikimpa chai, nusu anakunywa yeye, nusu linakunywa shati. Nilikuwa na hasira naye, jamani, hasira ya kulia jikoni. Nilimtaka yule aliyekuwa akinisumbua kwa mkate. Nilimtaka arudi karakanani, hata kama ni kwenda kugombana na misumari.

Aliyeleta mashine ya leza ni binti yetu. Tunamwita Injinia, ingawa msumari ukimwona tu unapinda wenyewe. Anachokijua ni kompyuta. Alileta sanduku refu lenye kifuniko cha kioo, akapachika bomba la kutolea moshi dirishani, akaweka kipande cha ubao ndani, akabonyeza. Kimwanga kidogo kikaanza kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka, na kilikopita likabaki ua la rangi ya kahawia.

Tulimwita Mzee aje aone. Akaja shingo upande, akasimama mlangoni.

"Ndiyo inachonga hivyo?"

"Haichongi, baba. Inachoma."

"Inachoma?" Akanitupia jicho. "Basi mama yako alikuwa na kipaji siku zote. Muulize maharage."

Mwaka mzima alikuwa hajanitania! Nilimjibu jibu lake, siwezi kulirudia hapa, kisha nikaenda jikoni nikacheka peke yangu mpaka machozi.

Mpango wa Injinia ulikuwa rahisi. Baba achore kwenye karatasi, yeye apige picha ule mchoro, kompyuta inyooshe mistari iliyotetemeka, halafu mashine ichome. "Fundi ni wewe," alimwambia. "Mimi na mashine tunakubebea patasi tu." Mzee akajifanya hataki. Kesho yake asubuhi nikamkuta anachonga penseli.

Mbao pia alichagua yeye. Injinia alidhani ubao ni ubao. Alichoma msonobari bila kuuliza, ua likatoka na mistari kama limevaa pajama, maana msonobari una sehemu laini zinazoungua haraka na sehemu ngumu zinazogoma. Mkangazi ulikubali vizuri. Mninga ulitoa kahawia ya kutamanisha. Mvule ulitaka kwenda nao polepole. Mpingo ndio ulioishinda mashine, kwa sababu ni mweusi tayari, sasa uuchome uwe mweusi kuliko nini? Ua lilikuwepo, lakini ukitaka kuliona sharti uinamishe ubao juani. "Mpingo ni wa patasi," Mzee akasema. Akachukua kipande kizima kilichobaki, akakiweka juu ya rafu, na hakuna aliyekigusa tena.

Ndipo tukapata kazi kubwa. Kulikuwa na hoteli mpya inamaliziwa barabara ya pili. Mwenyewe ni mama mmoja mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, nasi tukamwita Mama Hoteli. Alitaka vibao vya milango ya vyumba, kila mlango na ua lake, kila ua na mti wake. Alitaka kazi ya mkono. Kila akisema "mkono" alifumba macho. Injinia alimweleza wazi kwamba mchoro ni wa mkono wa baba, uchomaji ni wa mashine.

"Hainisumbui," alisema. "Mradi nimwone mtu ndani yake."

Vibao vya kwanza vikatoka vimenyooka kama askari kwenye gwaride. Mzee alivipitisha vidole, akaguna ule mguno wake wa zamani wa kuridhika ambao nilidhani nimeshauzika. Mama Hoteli akavirudisha vyote. "Mtu yuko wapi hapa?" aliuliza. "Hivi ni vya mashine. Vimejaa madukani."

Mzee hatukumwambia. Ungemwambia wewe? Tulivificha stoo, nyuma ya magunia ya mkaa, tukasema vimependwa.

Kesho yake tuligombana mimi na Injinia, nadhani ilikuwa juu ya sufuria, na katika kelele zile akasahau kunyoosha mistari. Akabonyeza tu. Sasa mashine haina adabu wala haya, ukiipa mtetemo inachoma mtetemo. Ua likatoka kwenye mninga kila jani linatikisika, bua limeyumba kama mlevi anayetafuta kwao. Ulikuwa ni mtetemo wa mume wangu, uleule wa kikombe na kijiko, umechomwa kwenye ubao usifutike milele. Roho iliniuma. Nikakwapua kile kibao kwenda kukitia jikoni kiwe kuni, nikagongana na Mama Hoteli mlangoni.

Alininyang'anya. Sitanii, alininyang'anya. Akakikumbatia na masizi yake yote juu ya blauzi nyeupe.

"Huyu hapa!" akasema. "Huyu hapa mtu wangu! Nataka vyote viwe hivi."

Injinia akanitazama, nami nikamtazama. Tufanye nini? Tukivinyoosha, Mama Hoteli havitaki. Tusipovinyoosha, Mzee akiviona anarudi kwenye ukuta wake. Basi tukawa tunachoma kila ua mara mbili. Lililotetemeka la hoteli, lililonyooka la mume wangu. Lake nilimletea alikague, nikalipiga msasa na mafuta mbele yake, nikalifunga kwenye gazeti vizuri, kisha nikazunguka nyuma ya nyumba nikalitupa stoo pamoja na mkaa. Mzee alikuwa na furaha hata akaanza tena kulalamikia mkate. Nilimshukuru Mungu kwa kila kipande alichokikosoa.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Hoteli ikakaribia kufunguliwa, na Mama Hoteli akaja yeye mwenyewe barazani kumwalika msanii wake. Mzee akapiga pasi suti. Mimi nikasema presha yake siiamini siku hizo. Injinia akasema mvua itanyesha.

"Mvua gani na jua hili?" akauliza Mzee. "Mna nini nyinyi?"

Tukaenda. Ile korido ya vyumba ilikuwa imejaa wageni, wameshika glasi, wanapita mlango hadi mlango wakigusa maua. Mzee akafika mlango wa kwanza. Akasimama. Akaenda wa pili, akasimama. Kwenye ule wa tatu aliiingiza mikono yake mifukoni, yote miwili, na hakuitoa tena. Niliuona mkono wa kulia unavyoitikisa suti kutoka ndani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na mashine.

Mgeni mmoja aliyevaa tai akamjia. "Mzee, huu mstari unauyumbishaje namna hii? Wengine wanaiga wanashindwa."

"Hauji ujanani," Mzee akajibu. "Unangojewa."

Wakapiga makofi. Mama Hoteli alifuta machozi, ikabidi avue miwani zote. Nilitaka kuwazaba makofi ya aina nyingine, mmoja mmoja, kwa zamu.

Tulipofika mlangoni kwetu ndipo akauliza, "Kwa hiyo mlikuwa mnachoma mawili mawili?"

"Ndiyo."

"Mninga mzuri namna ile, mnautupa." Akakaa kwenye kiti chake, lakini hakuutazama ukuta, alinitazama mimi. "Maisha yangu yote nimehangaika mkono usitetemeke. Leo wamenipigia makofi kwa ajili ya ugonjwa. Ule si mkono wangu, mke wangu. Ule ni ugonjwa wangu. Mkono wangu wameuona lini wao?"

Mimi, ambaye nina majibu ya akiba, nikamvua koti la suti nikaenda kulitundika.

Asubuhi niliamka nikijua nitamkuta barazani. Kiti kilikuwa kitupu. Kutoka karakanani nikasikia kitu ambacho masikio yangu yalikuwa yameshakisahau: ko, halafu kimya kirefu, halafu ko. Mzee alikuwa ameushusha ule mpingo kutoka juu ya rafu. Kitambaa cha patasi kilikuwa wazi mezani.

"Nishonee mfuko," akaniambia bila kugeuka. "Mrefu, mwembamba. Ujaze mchanga."

Nilikata mguu wa suruali yake kuukuu nikamshonea. Akauzungushia kwenye kifundo cha mkono ili uzito wake uutulize, kiwiko akakibana kwenye jiliwa ambamo siku zote tulibana mbao. Hivyo ndivyo alivyochonga. Anangoja mtetemo upite, anashusha pumzi, anagonga mara moja. Ko. Kisha anangoja tena. Kuna siku alimaliza jani moja. Kuna siku alinoa patasi tu akaja kula. Injinia alipotaka kusaidia alifukuzwa: "Zima huyo mdudu wako, ananitikisia meza." Nami chai niliiweka nje ya mlango, nikaondoka kwa ncha za vidole kama mwizi ndani ya nyumba yangu.

Mvua zilianza, zikaisha, na ua likaisha. Akaniita. Nilipitisha kidole kwenye bua kutoka chini hadi juu, na kidole hakikujikwaa popote. Kila jani limesimama pale alipoliambia lisimame. Nililia bila kuficha.

"Rula," nikamwita. Tangu anioe sikuwahi kumwita hivyo, kwa sababu ya kiburi changu tu.

Akajikohoza. "Mpelekeeni yule mama mpingo huu. Auweke mlango mkubwa, zawadi. Msimweleze kitu. Nataka aone mkono."

Injinia akaupeleka. Nikakaa dirishani namngoja, na nilipomwona anarudi na kifurushi kilekile kwapani, damu ilinipanda. Akaniingiza jikoni, akafunga mlango.

"Ameshukuru," akasema. "Amesema baba ana mkono wa pekee na sisi tunamharibu kwa mashine. Amesema hapa hamna mtu."

"Hukumwambia?"

"Nimemwapia, mama! Amecheka. Amesema, mwanangu, mkono wa binadamu haunyooki hivi."

Nikavua aproni, nikatafuta viatu. Nilikuwa naenda kumfundisha yule mwanamke kazi ya miwani. Injinia akanishika kiuno, na katika purukushani hiyo mlango ukafunguka. Mzee amesimama, kikombe mkononi, anatazama kifurushi juu ya meza.

"Mpingo umerudi," akasema.

Nani amwambie? Injinia akatazama sakafu. Nikaona afadhali nimtoe mwiba kwa mara moja kuliko kuuzungushazungusha. "Umerudi," nikasema. "Anasema ni kazi ya mashine."

"Anasemaje?"

"Ya mashine."

"Rudia vizuri. Alivyosema yeye."

"Amesema mkono wa binadamu haunyooki hivi."

Akaweka kikombe mezani polepole. Mabega yakaanza kumtikisika, nikajua sasa basi, tumemmaliza. Nikasogea nimshike. Nikakuta anacheka. Fundi Rula alikuwa anacheka mpaka kichwa kimelala ukutani, machozi yanaingia kwenye ndevu, anapiga meza kwa kiganja.

"Alikuwa amevaa miwani?" akauliza alipopata pumzi.

"Mbili," akasema Injinia.

"Mbili! Na bado akasema mashine!" Akaanza upya.

Jioni ile alizunguka kwa maseremala wote wa mtaa, wale wa rula, kuwahadithia alivyotukanwa. Ua la mpingo akalipigilia yeye mwenyewe juu ya mlango wa karakana. Mama Hoteli anaendelea kuagiza vibao, na Mzee anamchorea bila kinyongo, mkono mmoja kwenye penseli na mwingine kwenye mkate wangu. "Mpe mtetemo wake," humwambia Injinia. "Ndio anaouona."

Lakini pale jikoni, siku ile, alipomaliza kucheka alijifuta macho akanyanyua kikombe chake, na mkono ukamfanyia kama kawaida, nusu mdomoni, nusu kifuani.

"Mashine inavuja," nikamwambia, nikaenda kumletea shati jingine.