Mkataba Aliouchapa Wakili Nusu

Mtaani walimwita Wakili Nusu, na jina lilimkaa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpiga taipu katika kibanda kilichotazamana na ofisi ya ardhi. Mawakili walimletea rasimu za mikataba zenye mwandiko usiosomeka, naye akazinyoosha, akasahihisha hata makosa yao. Kichwa kilimvimba, tuseme ukweli.

Ndipo Mzee Kofia, dereva mstaafu wa mtaa wa pili, alipotangaza kuuza nyumba: vyumba vitatu, bati jipya, kisima uani. Mke wa Wakili Nusu, mshona sare za shule, aliipenda mpaka machozi yakamlenga. Lakini alisema, "Tutafute wakili, mume wangu. Hela yenyewe ni ya mama."

Kweli, ilikuwa ya mama. Mama mkwe alikuwa ameuza kijumba chake, kitu pekee alichobakiwa nacho tangu afiwe na mumewe, ili wote wakae pamoja.

"Wakili wa nini?" mume alicheka. "Hao hao wananitegemea mimi. Nimlipe mtu aniletee maneno ninayoyajua kwa kichwa?"

"Kwani kazi yao ni maneno tu?"

"Usinifundishe kazi yangu."

"Sikufundishi. Naogopa."

Mume alikwenda kibandani, akaanza kuuchapa mkataba mwenyewe. Mke alirudi kwenye cherehani, maana alimjua mumewe akishashupaza shingo.

Na mkataba ulitoka mzuri jamani, vifungu kumi na vinne, hakuna nukta iliyokosewa. Kifungu cha sita kilisema muuzaji anathibitisha kuwa nyumba haina deni wala rehani ya aina yoyote. Mzee Kofia alitia sahihi bila kusita, mashahidi wakatia zao, hela ikahesabiwa, soda zikanywewa. Mzee alitoa kopi ya hati, akasema hati yenyewe iko kwa mwanawe safarini, ataileta. Nani angemshuku mzee wa watu?

Walihamia. Mama mkwe alichagua chumba cha mbele. Mwezi wa tatu ikaja barua ya benki: nyumba itapigwa mnada kwa deni la Mzee Kofia.

Wakili Nusu alikimbilia kwa wakili mmoja kati ya wale aliowachapia kazi. Wakili alisoma barua, kisha mkataba wote, taratibu.

"Hauna dosari," alisema. "Ulifanya upekuzi kabla ya kulipa?"

"Upekuzi?"

"Hapo ng'ambo ya kibanda chako. Unajaza fomu, wanakuonyesha kama nyumba ina rehani. Hii ina miaka miwili kwenye rehani, na hati iko benki. Mshtaki mzee, ukimpata. Nyumba lakini haiokoki."

Mzee Kofia hakupatikana, wala simu yake. Wakili Nusu alisimama mbele ya kibanda akiitazama ofisi ya ardhi. Miaka kumi na tisa hakuwahi kuivuka barabara ile. Mawakili waliivuka kwanza, ndipo wakamletea yeye rasimu, naye akadhani rasimu ndiyo kazi yote. Aliamini kifungu cha sita kikishachapwa kinakuwa kweli.

Alimweleza mkewe. Mke aliendelea kushona mkono wa shati, akaumaliza, ndipo akasema, "Mama usimwambie. Tutafute namna."

Walitafuta. Namna haikuwepo.

Jumatatu asubuhi alifika dalali wa mnada na tangazo lake. Mama mkwe alikuwa barazani. Alimsikiliza, akaingia ndani, akatoka na mkataba. Kusoma hakujua, lakini mkataba alikuwa akiutunza yeye chini ya godoro.

"Nyumba hii ina wenyewe," alimwambia dalali. "Mkwe wangu ameandika kila kitu." Akampa mkwewe karatasi. " Soma, mwanangu, asikie."

Wakili Nusu alimtazama mkewe. Mkewe aliinamisha uso.

"Soma, baba," mama mkwe alirudia.

Akasoma. Alianza kifungu cha kwanza, akakisoma na cha sita kama alivyokichapa, akaendelea hadi sahihi za mashahidi. Dalali alikuwa mtu wa adabu. Alisubiri mpaka mwisho, kisha akauliza kama abandike tangazo mlangoni au ukutani.

"Mlangoni," Wakili Nusu alisema.

Mama mkwe aliitazama gundi ikipakwa, akamshika mkwewe mkono.

"Labda hakusikia vizuri," alisema. "Msomee tena, mwanangu."