Skonzi za Daraja la Juu

Noreen Pickersgill, mwenye mgahawa wa chai katika kijiji kimoja cha Devon, Uingereza, alikuwa na maradhi ya maneno makubwa. Na Kiingereza, jamani, kina maneno ya ukubwa mengi kuliko hao wakubwa wenyewe. Kwa Noreen chai haikuwa chai tu, ilikuwa chai ya kifahari. Jamu ilikuwa ya kipekee. Hata choo cha uani alikibandikia kibao: Cha Hadhi ya Juu.

"Choo ni choo, mama," alisema mumewe, Cyril. "Kina hadhi gani na mlango haufungiki?"

"Hebu nyamaza! Leo anakuja Ledi Venetia kuonja. Tukipewa karamu ya arusi ya bintiye, tumepona. Tukikosa, tunafunga mgahawa, na wewe unajua."

Cyril alijua. Akaingia zake jikoni.

Ledi Venetia, mwenye lile jumba la kilimani, alifika na sweta lililotoboka viwiko na mbwa wawili waliolowa tope. Noreen akapiga goti la heshima mpaka likalia ko!

"Karibu, Mheshimiwa! Hizi ni skonzi za daraja la kwanza, zisizo na kifani, zenye..."

"Ahaa," akasema Ledi Venetia, macho dirishani.

"Na krimu hii ni teule, ya kiungwana, ya..."

"Ndiyo, ndiyo. Naona mvua imepungua kidogo."

Huku kwetu mgeni akishaanza habari za mvua, ujue anautafuta mlango. Noreen jasho likamtoka, lakini badala ya kunyamaza akazidi kumwaga maneno. "Ya kifalme! Ya fahari tupu!" Maskini Ledi Venetia akawa mwekundu mpaka masikioni kwa aibu, akachukua mkoba wake, akasimama.

Hapo mbwa mmoja akarukia meza, akaanza kufagia sahani.

"Ala! Mshenzi mkubwa wee!" Noreen akapiga ukelele. "Toka hapa! Tangu alfajiri nina unga mpaka puani, vidole vimeungua, halafu uje kubugia tu? Ni skonzi hizo! Unga na siagi, na ni tamu, basi! Anayetaka ale, asiyetaka aende zake!"

Cyril akachungulia kutoka jikoni, mikono kichwani. Noreen akaziba mdomo, machozi yakimlengalenga.

Ledi Venetia akaketi tena. Akala skonzi moja, akala ya pili. Ya tatu akamnyang'anya mbwa.

"Si mbaya," akasema, na wakubwa wa huku hawana sifa inayopita hiyo. "Arusi ni Juni, watu themanini. Ila nakuomba jambo moja, Bi Noreen. Usiwaeleze wageni wangu chochote."

Noreen akafumbua kinywa aseme kwamba hiyo ni heshima kuu, adhimu, isiyo na... Cyril akawahi kukijaza skonzi.